Utabiri wa hali ya hewa: Je, njia ya kushuka mlimani itakuwa wazi?

Na MWANDISHI WETU

ASUBUHI ambayo anga ni safi, mtu akisimama mahali palipoinuka mjini Thika huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, vilele vyake vikiwa vimechongoka. Kufikia saa nne au saa tano mawingu huwa yameufunika, na hauonekani tena mpaka kesho yake. Wakazi wengi wa Thika na Ruiru wameujua mlima huo kwa njia hiyo tangu utotoni: kwa saa moja au mbili za asubuhi, kabla ya kuingia darasani au kiwandani.

Siku hizi wengi hawatosheki na kuutazama. Vijana wa makanisa, wanachama wa vyama vya akiba, wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi wa vyuo vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika (kimoja kina jina la mlima wenyewe) huchanga pesa, hukodi matatu na kwenda kupanda. Huanza na Kilimambogo, mita 2,145, ambao ni jirani yetu. Wakishauzoea huenda Njabini kupanda Elephant Hill katika safu ya Nyandarua, karibu mita 3,600. Mwishowe huelekea Mlima Kenya, kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, ambacho mtu hufika kwa miguu bila kamba.

Ni jambo jema kwa afya, na hatuna nia ya kumtisha mtu. Hata hivyo, kuna swali ambalo makundi mengi huliuliza vibaya. Siku moja kabla ya safari mtu hufungua simu au redio na kuuliza, "Je, kutanyesha?" Anataka kujua kama atabeba koti la mvua. Swali la kuuliza ni hili: mmoja wetu akiugua usiku kule juu, je, tutaweza kumshusha? Somo la leo linahusu jinsi ya kutumia utabiri wa hali ya hewa kujibu swali hilo kabla ya kuondoka nyumbani.

UGONJWA AMBAO DAWA YAKE NI KUSHUKA

Tuanze na mwili. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua. Mji wa Thika uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Ruiru uko chini yake kidogo, na mwili wa mkazi wa hapa umekwisha kuzoea hali hiyo. Kwenye kilele cha Lenana shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la Mombasa, na kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho.

Mwili una njia zake za kujirekebisha. Mtu hupumua upesi zaidi, moyo hupiga mbio, na siku zikipita mwili hutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi. Lakini marekebisho hayo yanataka siku kadhaa, na kundi la wikendi halina siku hizo. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu anaweza kuumwa na kichwa, kupata kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kuona kizunguzungu na kulala usingizi wa kukatikakatika. Haya ndiyo maradhi ya mwinuko. Yakiwa mepesi, mgonjwa akipumzika bila kupanda zaidi, aghalabu hupona kwa siku moja au mbili.

Aina mbili ni za hatari. Katika ya kwanza, maji hujaa mapafuni: mgonjwa hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, pengine hutoa povu lenye rangi ya waridi, na ulimi na midomo hupoteza rangi yake. Katika ya pili, ubongo huvimba: mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huzungumza mambo yasiyoeleweka, husinzia, na asiposhushwa huzimia. Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, usingoje kupambazuke.

Dawa zipo. Nyingine hutumiwa kabla ya safari kwa ushauri wa daktari, nyingine humpa mgonjwa muda. Lakini hakuna hata moja inayochukua mahali pa kushuka. Mgonjwa akishushwa mita 300 mpaka 1,000 mara nyingi hupata nafuu ya kushangaza. Yule aliyekuwa akibebwa huanza kuomba chai.

Sasa fikiria kwamba njia ya kushukia imefungwa. Ukungu umetanda hata mwelekezi haoni jiwe la alama lililo mbele yake. Mvua inanyesha, ni saa saba usiku, mito imejaa na matope yanafika magotini. Helikopta nayo hairuki ndani ya mawingu mlimani. Ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa mwendo wa saa tatu umegeuka kuwa hukumu ya kifo, ingawa haukuwa umezidi. Ni hali ya hewa tu iliyoichukua dawa. Kwa hiyo utabiri ni sehemu ya sanduku la huduma ya kwanza, na huenda ndiyo sehemu isiyogharimu chochote.

Mlima wetu una mfano wake. Mnamo Septemba 1970, madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian, mita 5,199, Judmaier alipoanguka na kuvunjika mguu vibaya. Ilichukua zaidi ya juma moja kumwondoa. Mwenzake na waokoaji wa kujitolea kutoka Kenya walihangaika naye katika baridi ya mwambani, mpaka kikosi cha waokoaji kilipofika kutoka Austria. Rubani Jim Hastings, Mmarekani, alifariki helikopta yake ilipoanguka akijaribu kusaidia. Judmaier aliishi. Oelz baadaye alikuwa bingwa wa tiba ya milimani, na mwaka wa 1989 alikuwa miongoni mwa watafiti walioonyesha kwamba dawa ya shinikizo la damu iitwayo nifedipini huweza kumsaidia mtu mwenye maji mapafuni kule juu. Lakini mahali palipo na mwendo wa saa chache kwenye ramani, yeye na mwenzake walikaa siku nyingi. Hilo si la kusahau tunapopanga safari ya siku mbili.

Mfano wa Nepal unatuhusu zaidi, kwa kuwa wahanga wake walikuwa watembeaji wa kawaida na wenyeji wanaowahudumia. Tarehe 12 Oktoba 2014 kimbunga Hudhud kilitua kwenye pwani ya mashariki ya India. Siku mbili baadaye mabaki yake yalimwaga theluji nyingi kwenye njia ya Annapurna, kwenye kivuko cha Thorong La chenye mita 5,416. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwemo wageni, waelekezi, wapagazi na wachunga mifugo. Kimbunga kilijulikana tangu mapema na kilitangazwa. Habari hazikuwafikia waliokuwa njiani, au ziliwafikia bila mtu wa kuwaambia maana yake kwa mahali walipokuwa.

UTABIRI WA THIKA SI UTABIRI WA MLIMA

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao yake Dagoretti Corner jijini Nairobi, hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kadhaa mbele, wa mwezi na wa msimu. Kila kaunti ina afisa wake wa hali ya hewa. Thika na Ruiru, ambazo ni Kaunti ya Kiambu, huhesabiwa katika eneo la nyanda za juu mashariki ya Bonde la Ufa, pamoja na Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Meru. Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Msikilizaji husikia jina la eneo lake, huambiwa nyuzijoto 25 na vipindi vya jua, naye hufungasha kwa ajili ya nyuzijoto 25.

Hesabu ya kufanya ni rahisi. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Elephant Hill iko karibu mita 2,000 juu ya Thika. Ondoa nyuzi 13. Thika ikiwa na nyuzi 25 mchana, kule ni 12. Lenana iko mita 3,350 hivi juu ya Thika. Ondoa nyuzi 22. Zinabaki 3, tena huo ni mchana. Usiku Thika ikishuka mpaka nyuzi 14, kilele kiko nyuzi 8 chini ya kuganda, na makundi mengi huanza kukipanda saa nane usiku ili yafike jua likichomoza. Rasharasha inayolowesha majani ya chai Gatanga, kule ni theluji.

Upepo nao una hesabu yake. Idara hutoa tahadhari pepo zinapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Hewa yenye nyuzi sifuri ikivuma kwa kasi hiyo, ngozi isiyofunikwa hupoteza joto kama iliyo kwenye nyuzi 8 chini ya sifuri. Katika tangazo la hali ya hewa msikilizaji wa mjini hupuuza upepo. Anayekwenda mlimani na ausikilize kwanza.

Kuna maneno ya watabiri ambayo hutatiza watu. Wakisema mvua itanyesha "mahali pachache" wana maana ya chini ya asilimia 33 ya eneo. "Mahali kadhaa" ni asilimia 33 mpaka 66. "Mahali pengi" ni zaidi ya hapo. Si kipimo cha nguvu ya mvua wala cha muda wake. Mlima mrefu husukuma hewa yenye unyevu kwenda juu na kutengeneza mawingu yake wenyewe, kwa hiyo ukisikia "mahali pachache" fanya kama kwamba mlima ni mojawapo ya mahali hapo. Kwa kawaida utakuwa umesema kweli. Ukisikia tahadhari ya mvua kubwa, ambayo huhesabiwa kuanzia milimita 20 kwa saa 24, ahirisha.

Anga ya mjini hudanganya pande zote mbili. Mwezi wa Julai, Thika na Ruiru hukaa siku nyingi chini ya wingu la kijivu, watoto wakienda shule na masweta, ilhali kule juu ya wingu hilo kilele kinaweza kuwa kwenye jua safi. Mwezi wa Aprili au Novemba mambo hugeuka: unaamka anga ikiwa ya samawati, nguo zinakauka kwenye kamba, na kufikia saa nane mchana kuna ngurumo mlimani. Ndiyo sababu miezi inayopendelewa ni Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Mvua ya masika, Machi mpaka Mei, na ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, ndizo za kuogopa, na kabla ya kila msimu Idara hutangaza kama mvua inatarajiwa kuzidi au kupungua. Utabiri huo wa msimu haukwambii chochote kuhusu Jumamosi fulani, lakini ndio wa kutumia mnapochagua mwezi, kabla shilingi ya kwanza haijachangwa.

Wenye simu watasema kwamba siku hizi programu humpa mtu utabiri wa mlima wenyewe. Ni kweli, na zina manufaa, lakini tazama umepewa wa mwinuko gani. Kompyuta zinazokokotoa utabiri huigawa nchi kwa miraba mikubwa na kuutandaza mlima ndani yake, hata kilele kikawa kifupi kuliko kilivyo. Ukiona simu inakuambia Mlima Kenya utakuwa na nyuzi 15 usiku, inakupa hali ya Nanyuki au ya mahali chini zaidi.

Vitabu vya wapandaji wa Ulaya husisitiza kutazama kipimo cha shinikizo la hewa: likishuka, dhoruba inakuja. Hapa kwetu karibu na ikweta shinikizo hupanda na kushuka lenyewe mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo, kwa hiyo saa ya bei ghali yenye kipimo hicho haikusaidii sana. Macho husaidia zaidi. Mawingu yakianza kufura kama koliflawa kabla ya saa nne asubuhi, siku hiyo itaharibika mapema.

KUNDI LA MFANO

Tuchukue mfano wa kundi la watu 14 kutoka Ruiru na Thika. Wamechanga kwa miezi mitatu, wamelipia matatu na ada za mbuga, nao wamechagua wikendi ya mwisho ya Oktoba kwa kuwa ndipo wengi walipopata ruhusa kazini. Wataondoka Ijumaa jioni na kulala karibu na lango la Sirimon, mita 2,650. Jumamosi watatembea kilomita 9 hivi mpaka kambi ya Old Moses, mita 3,300, na nyingine 14 hivi mpaka kambi ya Shipton's, mita 4,236. Jumapili saa nane usiku wataanza kwenda Lenana, washuke, na jioni wawe nyumbani.

Alhamisi jioni utabiri unasema: asubuhi vipindi vya jua, alasiri mvua na ngurumo mahali kadhaa. Mweka hazina anafurahi. Anasema ni mvua ya alasiri tu, na alasiri watakuwa wamefika.

Je, watakuwa wamefika? Kundi likianza kutembea langoni saa mbili asubuhi, kwa mwendo wa anayetembea polepole zaidi, litakuwa bondeni chini ya Shipton's kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, yaani ndani ya mvua yenyewe, mahali pasipo na mti. Thika ikiwa na nyuzi 24, hapo ni kama 7, na mvua ya mawe ikianguka hushuka zaidi. Watafika wamelowa, wamechoka, wakiwa wamepanda karibu mita 1,600 kwa siku moja. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Usiku huo, mmoja akianza kutapika na kupepesuka, kambi ya chini iko mbali kwa kilomita 14, gizani, kwenye utelezi. Utabiri uliokuwa mzuri Alhamisi ulikuwa unasema haya yote kwa mtu anayejua kuuliza.

Hakuna haja ya kufuta safari. Utabiri huo unabadilisha saa. Wakiondoka Thika Ijumaa alfajiri, watafika Old Moses siku hiyo hiyo na kulala hapo. Jumamosi wataanza saa kumi na mbili asubuhi na kuwa ndani ya kambi ya Shipton's saa saba, kabla ya ngurumo, nguo zikiwa kavu. Waliobahatika kuwa na siku ya ziada hulala Liki North, karibu mita 4,000, na hao ndio wenye busara. Kilele ni cha alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi kila mtu awe ameshaanza kushuka, awe amefika juu au hakufika.

Upande wa kupandia pia huamuliwa na msimu. Upande wa mashariki na kusini-mashariki, penye njia ya Chogoria, hupata mvua nyingi zaidi. Ule wa kaskazini-magharibi, penye Sirimon, ni mkavu kuliko pande nyingine. Njia ya Naro Moru ndiyo fupi, na ndiyo yenye kinamasi cha wima ambacho kila aliyekipita wakati wa mvua hukitaja kwa kinyongo. Kambi yake ya kwanza, mita 3,050, huitwa Met Station kwa sababu ya kituo cha kupimia hali ya hewa. Wapandaji hulala hapo bila kufikiria jina hilo linawaambia nini.

Sasa tuje kwenye jambo gumu ambalo haliko kwenye anga. Utabiri wa Alhamisi ukiwa mbaya kabisa, nani atasema hatuendi? Pesa zimelipwa. Wengine wametoka mbali. Kuna anayeondoka nchini mwezi ujao, na kuna kijana ambaye amekwisha kuwaambia wote mtaani. Mwandishi huyu amekuwa katika kikao cha aina hiyo, na anakiri kwamba alinyamaza. Mara nyingi kundi huenda kwa kuwa hakuna anayetaka kuwa mwoga wa kwanza. Basi amueni mapema, siku ya mchango wa kwanza, wakati hakuna aliye na hamu wala hasira. Chagueni mtu mmoja ambaye neno lake kuhusu hali ya hewa halipigiwi kura, na asiwe mweka hazina. Andikeni masharti: tahadhari ya mvua kubwa au pepo kali kwa nyanda za juu ikitolewa, safari inasogezwa. Patana na mwenye gari tangu mwanzo kwamba malipo ya awali yatahamia tarehe nyingine. Mwenye gari wa Thika anaelewa maneno ya mvua kuliko unavyodhani. Barabara za huko huzikwamisha tairi zake.

BARIDI NA RADI

Makundi yanayokwenda Elephant Hill kwa siku moja hujiona kuwa nje ya somo hili. Si kweli. Maradhi ya mwinuko huwa machache kule kwa kuwa watu hawalali juu, lakini baridi na ukungu vipo. Mtu hupita kwenye mianzi akitoka jasho, shati lake la pamba likilowa kwa ndani. Akitokea kwenye uwazi wa juu, upepo unampiga, mvua inaongeza maji, na pamba iliyolowa huufyonza mwili joto.

Joto la kawaida la ndani ya mwili ni nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 mtu yuko hatarini. Mwanzoni hutetemeka sana na vidole hushindwa kufunga zipu. Kisha maneno huanza kuburura, hujikwaa, hukasirika bila sababu au husema aachwe apumzike kidogo. Ikiwa alikuwa akitetemeka na sasa ameacha ilhali bado ni baridi, msifurahi. Mwili umeishiwa nguvu. Nchini China, katika mkoa wa Gansu, wakimbiaji 21 wa mbio za mlimani walikufa kwa namna hiyo tarehe 22 Mei 2021, wengi wakiwa na fulana na kaptura, baada ya mvua ya barafu na upepo kuwapata njiani. Idara ya hali ya hewa ya huko ilikuwa imetoa onyo. Walikuwa watu wenye afya kuliko wengi wetu.

Aliyepatwa akingwe na upepo kwanza, avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu na kuingizwa kwenye mfuko wa kulalia, ikiwezekana na mwenzake. Joto liwekwe kifuani na kwapani. Msimsugue mikono na miguu wala kumkokota ovyo. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Pombe hapana. Humfanya ajisikie joto kwa kuileta damu kwenye ngozi, ambako inapoa.

Mavazi hayahitaji utajiri. Sweta la sufu au la manyoya ya kutengenezwa lililonunuliwa kwenye mitumba ya Makongeni au soko la Ruiru lina faida kuliko jinzi mpya, na jozi ya pili ya soksi iliyofungwa ikakaa kavu ina thamani kule juu kuliko simu. Wengi walikuwa wakifunika mizigo kwa mifuko ya plastiki. Plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga kuanzia tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo beba turubai jepesi, ambalo pia hugeuka hema la dharura, na chupa ya maji ya kudumu.

Kuhusu radi, hesabu sekunde kuanzia mmweko mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima na mwachane kwa hatua kadhaa, msikusanyike chini ya mwamba ulio peke yake, na mkae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kuendelea. Mito nayo haingoji mvua inyeshe ulipo. Katika bonde la Hell's Gate, Naivasha, maji ya mvua iliyonyesha kwingine yaliua watembeaji mwaka wa 2012 na tena mwaka wa 2019.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, selimundu au mimba amwone daktari kabla ya kutoa mchango wake, kwa kuwa hewa baridi na nyembamba ina mambo yake na kila mmoja wao.

Kwa wanaosafiri juma hili: sikilizeni utabiri wa siku kadhaa Jumatatu, mrudie Alhamisi jioni, na mkifika langoni muulize askari wa KWS au wa misitu mvua ilianza saa ngapi jana na juzi. Jibu la huyo askari ndilo jipya kuliko yote. Andikeni kwenye kitabu cha lango saa mnayotarajia kushuka, na mmwachie mtu mmoja nyumbani nakala yake pamoja na namba ya simu ya lango, akiambiwa saa ya kupiga endapo hamjamjulisha.